Mwaridi wa Zizi la Ndama

Mwaridi ule uligharimu jogoo mmoja mwekundu, ambaye shangazi yangu Bhoke alimpa utingo wa lori ili akalishwe mbele na vijiti vyake visipondwe na magunia. Uligharimu pia gunia zuri la katani lililokatwa kuvifunga vijiti hivyo. Na kidogo tu umgharimu shangazi mahali pake pa kulala. Hesabu hii nimeipiga mara mbili, kama ninavyofanya kwa kila kitu, na mara zote mbili nimeona jogoo ndiye aliyekuwa rahisi.

Ninyi mliokua pamoja nami mtaelewa kwa nini wakubwa waliushuku. Enzi zetu kule Itiryo ua lilikuwa tangazo la chakula. Ukiona ua la boga, unajua boga linakuja. Ukiona la maharage, unaanza kutafuta sufuria. Ua la kuchanua, kunukia na kudondoka bila kukuachia hata cha kutafuna, hilo tulilihesabu kuwa tapeli. Bibi yangu, mama yake baba, alikuwa na neno lake juu ya vitu vya namna hiyo: "Ua lisilozaa ni kama mgeni asiyesema anaondoka lini."

Na urembo wenyewe mnaukumbuka. Kipande cha sabuni ya mche kilikatwa kwa uzi kikahudumia nyumba nzima, wakubwa kwanza, na kikifika kwetu watoto kimekuwa chembamba kama kipepeo. Mama alitupaka samli usoni kabla ya shule mpaka tukang'aa kama vibuyu vipya. Kisha tulitembea, jembe begani na ukuni kwapani, na vumbi lote la njiani likajua pa kukaa. Tulipofika mstarini tulikuwa na rangi ya barabara, na mwalimu alitutambua kwa sauti. Harufu zetu zilikuwa tatu tu: moshi, maziwa na ng'ombe. Msichana aliyenukia kibuyu kilichofukizwa vizuri alihesabiwa kuwa mrembo, na posa zikaja. Siku hizi vijana wana sabuni ya uso, sabuni ya mikono na sabuni ya mwili, kana kwamba uso na mikono vilinunuliwa maduka tofauti.

Jioni tulicheza pale mtoni kwenye udongo mwekundu. Tulifinyanga ng'ombe, tukawakausha kwenye jua, tukafungua mnada. Udalali wangu ulianzia hapo, kwa fahali wa udongo mwenye pembe za miiba ambaye nilimbadilisha kwa majike wawili na kiazi cha kuchoma. Mpaka leo nafanya kazi ileile, ila ng'ombe wa sasa wanakunya. Mtu aliyelelewa na mnada haamini kitu kizuri. Ng'ombe akiwa mzuri sana mbele, mimi nazunguka nyuma.

Basi shangazi Bhoke akarudi kutoka Kenya. Alikuwa ameolewa huko, na kwa miaka mingi alipika kwenye nyumba ya familia moja ya Kihindi yenye duka mjini Kisii. Mumewe alikuwa na mkono mwepesi. Shangazi hakutusimulia, lakini alipokuwa anafunga kilemba tuliona sikio lake moja halikukaa kama lenzake. Alishuka kwenye lori na begi moja la nguo na lile gunia lenye maji, akasimama nje ya lango la boma letu kama mtu anayeuliza njia.

Hapa lazima nieleze jambo, kwa ajili ya watoto wenu watakaosoma wakiwa na akili za mjini. Kwetu Wakurya, ng'ombe wa mahari ya dada ndio wanaomwoza kaka. Ng'ombe walioletwa kwa ajili ya shangazi Bhoke ndio baba yangu aliowapeleka kwa kina mama yangu. Kwa hiyo mimi, na wadogo zangu wote, tulikuwa ni ng'ombe wa shangazi waliogeuka watu. Shangazi akiachika kabisa, wakwe zake wangekuja kudai mifugo yao, na boma zima lingeanza kumwangalia mama yangu kwa jicho la kuuliza. Bibi alilijua hilo kuliko wote.

"Utakaa," bibi alimwambia palepale langoni, bado hajamkaribisha kiti. "Chakula kipo. Lakini siku neno baya juu yako litakapopita lango hili, Bhoke, nitakusindikiza mwenyewe mpaka kwa mumeo. Kwa miguu yangu hii."

"Nimesikia, mama."

"Na hivyo vijiti ni vya nini?"

"Ni maua."

"Yanaliwa?"

"Yanaliwa kidogo. Yananukia."

Bibi akashika kijiti kimoja, mwiba ukamchoma kidole. Akakitazama kwa heshima ya mara ya kwanza. "Angalau hii ina akili," akasema. "Kapande kule kwenye pengo la zizi la ndama, fisi na wezi wapate salamu."

Ndivyo mwaridi ulivyoingia Itiryo, kama askari wa mlango wa nyuma. Bibi alidhani ameupa mwaridi mahali pabaya kuliko pote, penye samadi mpaka kwenye kifundo cha mguu. Shangazi alisema "asante mama" kwa sauti ya huzuni kabisa. Miezi ilipopita na mwaridi ukafura kwa ile samadi, ukapanda juu ya ua wa miti, ukachanua mafungu mekundu-mekundu mpaka ndama wakawa wanapiga chafya, ndipo nilipogundua kwamba shangazi alipewa alichokuja kutafuta. Somo langu la kwanza la biashara ni hilo: ukipewa unachotaka, nuna.

Mimi nilipewa kazi ya kufukuza mbuzi. Mbuzi na waridi ni kama mgambo na pombe. Kwa ajili hiyo niliona yote aliyoyafanya shangazi, na yote niliyashuku kwanza kabla sijayaonja.

Alichuma maua alfajiri kabla jua halijayapiga, kwa sababu, alisema, jua likipanda harufu huamka ikaondoka. Mengine aliyatandaza kivulini juu ya ungo yakauke, akatia machache kwenye chai ya maziwa. Chai ile mdomoni ilikuwa kama chai, lakini ukishameza ilikuwa kama kuna mtu amepita nyuma yako amevaa nguo safi. Mengine aliyatwanga na sukari, siku sukari ilipopatikana, akayafunga kwenye chupa ya kioo na kuiweka juu ya paa la ghala ipigwe jua. Yakatoka jamu nzito ya rangi ya ulimi. Mtoto mwenye koo la kuwasha alipewa kijiko. Kwamba koo lilipona, siwezi kuapa. Ninachoweza kuapa ni kwamba msimu ule watoto wengi walikuwa na makoo ya kuwasha.

Lakini kazi kubwa ilikuwa maji. Nyuma ya nyumba aliinjika chungu juu ya mafiga, akatia majani ya maua na maji, akaweka jiwe katikati na bakuli la bati juu ya jiwe. Akafunika kwa sufuria ya maji baridi, tako lake limeingia chunguni, na pale ukingoni akaziba kwa ugali wa ulezi ili mvuke usitoroke. Moto mdogo. Mvuke ulipanda, ukagonga tako la baridi, ukageuka matone, matone yakadondoka bakulini. Yalikuwa meupe kama machozi, na ukiyapaka usoni baada ya vumbi la shule, uso ulipoa kama umeambiwa pole.

Sasa nyie wenzangu mnaojua, niambieni: chungu kimezibwa kwa ugali, kimefichwa nyuma ya nyumba, moto mdogo, kitu kinatona polepole. Huko kwetu kinaitwaje?

Jirani yetu mmoja aliyepita kuomba moto alikiona, akaita jina lake, na jina hilo halikuwa waridi. Kesho yake njiani kwenda shule watoto walishaniimbia kwa jina langu, "Kwa kina Mwita wanapika gongo, gongo la Kenya." Nilimpiga mmoja, nikapigwa na wawili, nikafika nyumbani na mdomo umevimba, na shangazi akanipaka yale maji. Hakuniuliza nimepigania nini. Aliniuliza tu kama bibi amesikia.

"Bado," nikasema.

"Basi na iwe bado," akasema, na akatazama lango.

Mimi pia nilianza kuwa na mashaka yangu. Kila asubuhi nilihesabu maua yaliyochanua upande wangu, na nikirudi shule nilihesabu tena. Siku zote yalipungua, na shangazi aliapa kwamba mchana hagusi ua. Mbuzi hakuacha alama za meno. Na ile chupa ndogo ya maji ya waridi iliyokaa dirishani ilishuka kidogo kidogo, kama maziwa ambayo paka anayanywa kwa adabu. Nilimshuku mama. Nilimshuku yule jirani. Nikamshuku hata ndama mmoja aliyependeza ghafla.

Walikuja siku ya kupura ulezi, watu wamejaa kiwanjani. Mbele alikuwa balozi wetu wa nyumba kumi, mzee Marwa, mtu mpole aliyechukia kazi yake. Nyuma yake alikuwa mgambo mmoja kijana, Nyamhanga, aliyeipenda ya kwake. Walikwenda moja kwa moja nyuma ya nyumba. Chungu kilikuwa motoni.

"Bhoke," balozi akasema, "nimeletewa maneno."

Nilimwangalia bibi. Aliacha kupepeta, ungo mikononi. Maneno yalikuwa yamepita lango, na wote waliokuwepo walijua alichoapa. Shangazi alisimama kando ya moto akifuta mikono kwenye khanga, akaifuta tena ingawa ilikuwa mikavu.

"Ni maji ya maua, mzee."

"Gongo zote ni maji ya kitu fulani," mgambo akasema. Akabomoa ugali wa ulezi, akainua sufuria, akachungulia. Harufu ikatoka ikatembea kiwanja kizima. Wanaume waliinua nyuso. Walikuwa na matumaini, nadhani.

"Hii sio gongo, mzee Marwa," mgambo akasema polepole. "Gongo naijua." Wanawake wakacheka, akajirekebisha. "Naijua kwa kazi. Hii ni mbaya zaidi. Hii ni dawa. Mwanamke ametoka kwa mume, amekuja na mti ambao haujulikani, anaupika kwa siri. Anataka kumfunga nani?"

"Kunywa basi ujue," mtu akasema kutoka nyuma.

"Anywe yeye mpishi."

Shangazi akachota kikombe, akanywa. Mgambo akasema mpishi wa dawa hujikinga kwanza. Wakamwambia mzee Marwa anywe, mzee Marwa akakumbuka tumbo lake. Waliokuwa wanapura wote, watu ambao hukimbiza wezi wa ng'ombe usiku kwa rungu, wakaanza kutazama vidole vya miguu yao. Hakuna aliyetaka kufungwa. Na mimi namwona bibi anaweka ungo chini, taratibu, kama mtu aliyeshapiga hesabu ya safari.

Akaja mpaka katikati. Mgambo akampisha, kwa heshima akainama kumsalimia. "Shikamoo bibi."

Hakumalizia kuinuka. Alibaki ameinama hivyo hivyo, pua karibu na shavu la bibi yangu, akavuta pumzi. Akaivuta tena.

"Bibi," akasema, "mbona wewe unanukia?"

Waliokuwa nyuma wakasogea mbele. Bibi yangu, aliyesema ua lisilozaa ni mgeni asiyeondoka, alisimama na uso wake laini, na wote sasa tukaona ulivyokuwa laini, mikunjo yake imetulia kama ngozi iliyotiwa mafuta. Maua yangu yaliyopotea mchana nikayaona yote palepale.

"Nanukia," bibi akasema. "Kwani nimekatazwa na serikali?"

"Hapana, bibi."

"Mume wangu alikufa zamani. Kama hii ni dawa ya kumfunga mwanamume, nimemfunga nani? Wewe?"

Nadhani hata ndama walicheka. Mzee Marwa alicheka mpaka akashika mafiga, akaungua. Bibi akachukua kikombe mkononi mwa shangazi, akanywa kilichobaki, akapangusa mdomo, akamwambia mgambo kwa sauti ya chini ambayo wote tuliisikia: "Na huo ugali wa ulezi uliobomoa, utauziba mwenyewe. Mvuke unatoroka."

Akaziba. Alipiga magoti, bunduki ya mbao kando, akaziba chungu cha maua kwa vidole, na shangazi akamwelekeza pale panapovuja. Mzee Marwa alirudi kwake na kichupa kwa ajili ya mkewe, na baada ya hapo hakuna neno lililopita lango letu. Yule mume alioa mwingine, na ng'ombe wakabaki watu. Shangazi Bhoke alilala kwenye boma la baba yake mpaka siku alipolala moja kwa moja, akazikwa hatua chache kutoka pengo la zizi. Bibi alitangulia miaka mingi kabla yake, na mpaka mwisho aliendelea kulisema vibaya lile ua mbele za watu, uso ukinukia.

Haya yote yalinirudia mwaka huu kwa sababu ya binti yangu Robhi, mwenye saluni kule Nyamongo. Kila kitu chake sasa ni waridi. Ana maji ya waridi, mafuta ya waridi, chai ya waridi kwenye vifuko, na kitu cha kupaka midomo ambacho, kwa maelezo yake, ni waridi pia. Anasema wateja wanayataka, wanayaona kwenye simu. Nilimsindikiza Sirari kununua, kwa sababu sipendi mtoto wangu apatane bei peke yake. Muuza duka alikuwa msichana mchangamfu mwenye kope ndefu kuliko umri wake. Nikainua chupa juani.

"Mbona maji haya ni mekundu?"

"Si waridi ni jekundu, baba?"

"Na ng'ombe mweusi, maziwa yake ni meusi?"

"Mzee, unanunua au unahoji?"

Nilifungua nikanusa. Ilikuwa harufu ya pipi iliyokaa kwenye mfuko wa suruali. Nikapaka mkononi, mkono ukanata. Nikamweleza chungu, jiwe, bakuli na ugali wa ulezi, akasikiliza vizuri, akanipa jibu ambalo nimelifikiria tangu siku hiyo: "Sasa mzee, muda huo wote nani anao?" Robhi alinunua. Nilipunguza bei mara mbili, lakini mashaka yangu hayakushuka hata senti.

Njiani Robhi akaniuliza, "Baba, huo mti wa bibi Bhoke bado upo?"

Nikampigia mdogo wangu Chacha, ambaye ndiye amebaki na boma. Upo, akasema, umezeeka, shina limekuwa kama goti la ng'ombe, lakini mvua zikija bado unachanua. Kisha akaniambia habari yenyewe. Anabomoa zizi. Anajenga la matofali, na msingi unapita palepale.

"Upishe pembeni," nikasema.

"Pembeni ni kaburi, kaka. Na una miiba, watoto wanaumia."

"Tangu lini mtoto wa Kikurya akaumwa na mwiba?"

"Tangu walipoanza kuvaa viatu," akasema. Chacha ana haki. Wezi wa siku hizi wanakuja na gari, na ua haliwasalimii. Amenipa mpaka mavuno ya ulezi nije niuchukue, baada ya hapo ni panga.

Nimeshakwenda mara moja. Nikakata vijiti, nikavipanda nyuma ya nyumba yangu kwenye udongo mzuri wa kununua. Vilikaa vibichi muda wa kunidanganya, kisha vikakauka vyote. Vijana wa saluni ya Robhi wakanitafutia ushauri kwenye simu. Mmoja anasema nichovye kijiti kwenye asali. Mwingine anasema kwenye utomvu wa mshubiri. Wa tatu anasema nichomeke kijiti ndani ya kiazi kisha nizike kiazi. Kiazi hicho nimekishuku sana. Mwisho wake nitavuna viazi. Shangazi hakuwa na kiazi, alikuwa na gunia lenye maji na jogoo, na vilishika vyote.

Enzi zetu tulishuku kila kitu kizuri kilichoingia langoni, tukakilazimisha kijieleze mbele ya watu wote, na kilichobaki baada ya hapo kilikuwa kizuri kweli. Watoto wetu hawashuku kitu. Wanapaka maji mekundu usoni na wanalala usingizi. Huenda wao ndio wana bahati. Lakini Robhi hajawahi kunusa waridi lenyewe, lile la alfajiri, kabla harufu haijaamka, na mimi sina njia ya kumweleza isipokuwa kumsimamisha mbele yake.

Kwa hiyo nawaomba ninyi wa rika langu, mliowahi kuhamisha mwaridi mzee ukashika: niuchimbe wote na mizizi yake na ile samadi, au nikate vijiti tena? Kama ni vijiti, nikate vya juu au vya karibu na shina, na gunia niliweke maji kiasi gani? Nishaurini mapema. Chacha amenipigia jana, anasema ulezi umeshaanza kuinama.